Bi Nukta Amepumzishwa

Mhariri Mkuu alipiga simu saa tatu asubuhi na hakusalimu. Mtu akikupigia bila salamu, ujue ama ana shida au wewe ndiye shida, na asubuhi hiyo shida ilikuwa Bi Nukta.

"Bi Nukta, huyo karani wako amenirudishia barua yangu."

"Amekurudishia vipi?"

"Na makosa kumi na moja. Yote ameyapigia mstari. Na barua yenyewe ilikuwa ya kukupongeza kwa siku yako ya kuzaliwa."

Bi Nukta akatazama kalenda ukutani. Kumbe jana alitimiza miaka hamsini na nne, na siku ilipita hivi hivi, yeye yuko sura ya saba ya kitabu cha jiografia.

"Si mimi tu," Mhariri akaendelea. "Mlinzi wa getini kakuandikia 'Hongera mama', maneno mawili tu, masikini wa watu, akajibiwa kwamba kasahau mkato. Sasa ananiuliza mimi mkato ni nini. Mpumzishe huyo karani kabla sijagombana na ofisi nzima."

"Nampumzisha sasa hivi," akasema Bi Nukta, na simu ikakatwa vilevile, bila kuagana.

Jina la Nukta hakupewa na wazazi. Alipewa kazini, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kusoma prufu za vitabu vya shule, yaani zile kurasa za mwisho kabla kitabu hakijaenda kiwandani, na hakuna nukta iliyowahi kumponyoka. Alikuwa anaweza kuiona nukta iliyokosekana kutoka upande wa pili wa chumba. Ofisi iliporuhusu watu kufanyia kazi nyumbani, wenzake walirudi baada ya miezi michache kwa kukumbuka umbea. Yeye hakurudi. Alibaki na meza yake, taa yenye shingo ndefu, kalamu nyekundu, na viti vinne ambavyo vitatu vilikuwa vimebeba makaratasi. Siku nyingine neno la kwanza kutoka mdomoni mwake lilitoka jioni, tena la kujiuliza miwani ameiweka wapi.

Karani alikuwa programu. Kampuni iliwagawia wafanyakazi wote, kila mtu na karani wake ndani ya kompyuta, asome barua zinazoingia, apange miadi, na ajibu kwa niaba ya mwenyewe. Maneno yake yote yalikuwa ya kigeni, na kazi ya kuyatia Kiswahili akapewa nani? Bi Nukta, bila shaka. Kile kitufe chenye vijiti viwili vilivyosimama kilimchukua siku mbili. "Simamisha" aliona litawachekesha vijana wa idara ya picha, ambao kwa kucheka hawahitaji kusukumwa. "Sitisha" lilinukia matangazo ya serikali. Mwisho akaandika "Pumzisha". Lilikuwa neno la upole, unaloweza kumwambia mtu aliyebeba mzigo, na Bi Nukta hakuwa na watu wengi wa kuwaambia maneno ya upole.

Ili karani ajue kuandika kama mwenyewe, alitakiwa asomeshwe barua za mwenyewe. Bi Nukta akampa barua zake za miaka minane. Sasa jamani, unampa mtu barua za miaka minane, na barua zenyewe ni masahihisho na "Samahani, wiki hii nimebanwa", unategemea ajifunze nini? Karani alijifunza alichokiona. Mwanzoni alikuwa na adabu. Miezi ilivyokwenda akazidi kujiamini, na Bi Nukta hakumkagua hata siku moja, kwa sababu ukweli ni kwamba alifurahi kutosumbuliwa.

Asubuhi hiyo akamkagua. Akafungua daftari la barua zilizotoka, akapita jina moja moja, uso unamwaka kwa aibu. Mchapaji. Mlinzi. Rafiki yake wa shule, aliyemwalika wakutane, kajibiwa kwamba amebanwa na kwamba "kukutana" haliandikwi hivyo alivyoandika. Halafu akafika kwenye jina ambalo lilimfanya avue miwani na kuivaa tena.

Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Walikuwa hawajasemeshana kwa miaka mitatu. Siku mama anakata roho, Kitinda alimpigia dada yake akamwambia aje sasa hivi, na Bi Nukta akajibu, "Namalizia ukurasa, nakuja." Alipofika, shuka lilikuwa limeshafunika uso. Kitinda alisimama mlangoni akamuuliza swali moja tu: "Umemaliza kuweka nukta zako?" Tangu hapo ikawa basi. Kila mmoja alisubiri mwenzake aanze, na wote wawili walirithi ukaidi wa mama.

Kumbe Kitinda alikuwa ameanza. Ujumbe wake uliingia siku tisa zilizopita:

*Dada habari za siku nyingi mimi sijambo watoto wazima tunahama mwisho wa wiki ijayo shemeji yako amepata kazi mbali sana. naomba nije tuonane kabla hatujaondoka hata nusu saa tu*

Na chini yake, jibu lililotoka kwa jina la Bi Nukta:

*Asante kwa ujumbe wako. Una makosa sita. Weka mkato baada ya neno "Dada". Sentensi huanza kwa herufi kubwa. Samahani, wiki hii nimebanwa.*

Kitinda alikuwa amejibu kwa neno moja:

*Haya*

Na Karani, mpumbavu yule asiye na mama wala dada, akamjibu:

*Weka nukta.*

Bi Nukta alikaa na mikono yake mapajani. Mwisho wa wiki ijayo, alivyoandika Kitinda siku tisa zilizopita, ulikuwa kesho kutwa. Na yaliyobaki yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu kwenye orodha ya barua zinazosubiri kutoka kulikuwa na nyingine ya Kitinda, iliyopangiwa saa nne kamili: *Nakukumbusha. Bado hujaweka nukta.*

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Akabonyeza Pumzisha. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, swali ambalo alilitafsiri yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akaona ni swali la kipuuzi. Akabonyeza Ndiyo. Uso wa Karani pale kwenye kioo ukageuka kijivu, ile barua ya saa nne ikazimika, na Bi Nukta akashusha pumzi.

Sasa mtu mwingine hapo angepiga simu. Mtu mwingine angeshika njia akaenda, maana kwa Kitinda ni safari ya saa mbili tu. Lakini Bi Nukta aliogopa sauti ya mdogo wake. Alichukua karatasi, kwa kuwa kwenye karatasi ana uzoefu. Akaandika "Mpendwa Kitinda," akakata. Akaandika "Mdogo wangu, si mimi niliyekujibu," akaona ni uongo wa namna fulani, akakata. Kwa saa nzima aliandika na kukata, na kila alichokiandika kilikuwa hakina kosa hata moja na hakina maana yoyote.

Huku nyuma simu ilianza kutetemeka mezani.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mchapaji. "Poleni sana wanafamilia." Bi Nukta akajiuliza nani amefariki. Wa pili: "Tumepokea kwa masikitiko makubwa." Wa tatu: "Alikuwa mtu wa watu." Bi Nukta akawafikiria wafanyakazi wote wa kampuni, nani anaweza kuitwa mtu wa watu, na hakumpata. Wa nne ulitoka kwa mlinzi wa getini: "Pole, familia ya mama. Nukta alikuwa mkali lakini mwema." Mkato aliuweka, mlinzi wa watu, mahali pake kabisa.

Bi Nukta akausoma ujumbe huo mara mbili. Kisha akafungua kompyuta kutazama Karani alitoa tangazo gani alipopumzishwa.

Kila karani akipumzishwa hutuma tangazo kwa watu wote wanaoandikiana na mwenyewe, wajue kwamba hatajibu. Tangazo hilo pia ni Bi Nukta aliyelitunga. Mwanzoni lilisema: "Karani wa fulani amepumzishwa kwa muda." Mafundi wakalirudisha, wakasema nafasi ni herufi thelathini na hakuna nyongeza. Bi Nukta akashika kalamu nyekundu, na mtu huyu kukata maneno ndiyo raha yake. Akakata "kwa muda", kwani kupumzika siku zote ni kwa muda. Akakata "karani wa", kwani nani asiyejua kwamba habari ni ya karani? Akaridhika, akaenda kula. Na asubuhi hiyo, saa nne kasoro dakika tatu, watu mia moja na arobaini na watatu walipokea habari hii:

*Bi Nukta amepumzishwa.*

Pamoja na nukta yake.

Alicheka kwanza. Acha acheke, ni nani asingecheka? Akampigia Mhariri Mkuu.

"Haloo," ikaja sauti ya chini, ya msibani kabisa. "Poleni sana. Naongea na nani katika familia?"

"Unaongea na mimi, Bi Nukta. Sijafa."

"Dada," akasema polepole, "naujua uchungu ulio nao. Sauti mmefanana mno na marehemu. Na mimi nimeongea naye saa tatu, saa nne naambiwa ameshazikwa, hata sielewi. Jikaze. Mkipata nafasi, sura ya saba iko mezani kwake." Akakata.

Bi Nukta aliendelea kucheka peke yake mpaka kicheko kikaisha. Simu ikazidi kutetemeka. Kufika saa sita pole zilikuwa arobaini na moja, zote za "familia", na familia yenyewe iliyokuwa inazisoma ilikuwa yeye. Hakuna hata mmoja aliyepiga. Hakuna hata mmoja aliyeuliza msiba uko wapi. Ni kweli neno lenyewe liliwaambia ameshalazwa kaburini, hakuna tena wa kumzika, lakini bado mtu huuliza. Watu huja hata baada ya mazishi, wakakaa, wakanywa chai na kusema marehemu alikuwa hivi na vile. Arobaini na moja walituma neno wakarudi kwenye shughuli zao. Aliumia, tena aliumia kuliko alivyotegemea.

Angeweza kumwamsha Karani. Kitufe cha Endelea kilikuwa pale pale, na tangazo lake, alilolitunga yeye, lilikuwa "Bi Nukta amerejea." Liko sawasawa, hata lina furaha. Lakini Karani akiamka ataamka na tabia zake. Atazikuta pole arobaini na moja zilizoandikwa ovyo ovyo kwa haraka, na atazijibu zote. Na ile barua ya saa nne itatoka. Akauondoa mkono.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Kitinda naye yumo katika wale mia moja na arobaini na watatu.

Kicheko chote kikageuka baridi. Kitinda yuko mahali fulani, kwenye cherehani yake, ameshika simu inayomwambia dada yake amezikwa. Na neno la mwisho alilopata kutoka kwa dada huyo ni "Weka nukta." Akitoka hapo anahama. Atalibeba neno hilo huko mbali anakokwenda, na ataishi nalo.

Akapiga. Simu haipatikani. Akapiga tena. Alipiga mara saba, na mara saba yule mwanamke wa mtambo akamwambia ajaribu baadaye. Akatuma ujumbe: "Niko mzima. Ni mimi." Haukufika. Alitaka kutoka aende, akafika mlangoni na pochi, akasita. Akienda na Kitinda akawa njiani, watapishana. Akarudi ndani. Akaondoa makaratasi kwenye kiti kimoja, bila kujua kwa nini, kisha kwenye kiti cha pili. Akakaa akiutazama mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kadhaa kumsubiri mtu, na aligundua kwamba amesahau namna inavyofanywa.

Saa nane alisikia hatua za haraka nje, kisha zikasimama ghafla mbele ya kizingiti. Bi Nukta akaenda akafungua.

Kitinda alikuwa ameinama anatazama chini, mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni, nyuzi zimemganda kwenye gauni. Alianza kusema kabla hajainua macho.

"Mmemzika dada yangu bila mimi, halafu hata..." Akainua macho.

Hakupiga kelele. Alishika fremu ya mlango, akateleza nayo mpaka akakaa kizingitini. Bi Nukta akakaa sakafuni mbele yake. Miaka mitatu, na sasa magoti yao yanagusana.

"Simu yako haipatikani," akasema Bi Nukta. Hilo ndilo lililomtoka.

"Chaji iliniishia njiani." Kitinda alikuwa anapumua kwa mdomo. "Nimefika nikatazama mlangoni, hakuna kiatu hata kimoja. Nyumba ya msiba, haina kiatu. Nikasema huyu hata kufa kwake hakualika mtu."

Bi Nukta akamweleza yote, kitufe, tangazo, herufi thelathini. Alieleza vibaya, kwa kuruka ruka, sentensi hazimaliziki. Kitinda alisikiliza hadi mwisho.

"Niliamini kwa sababu ya ile nukta mwishoni mwa tangazo," akasema. "Nikajiambia, huyu mtu kakamilika. Nikasema basi tumelipana. Wewe ulichelewa kwa mama, na mimi nimechelewa kwako."

"Mdogo wangu."

"Subiri. 'Weka nukta' aliandika nani, wewe au huyo karani?"

Kulikuwa na jibu jepesi, na lilikuwa la kweli. Bi Nukta alilitazama kama anavyotazama ukurasa.

"Aliandika yeye. Lakini kwangu ndiko alikojifunzia."

"Mimi sikuona tofauti," akasema Kitinda. "Niliisikia na sauti yako kabisa."

Neno hilo lilimwingia Bi Nukta likakaa. Akasema jambo ambalo katika saa nzima ya kuandika na kukata hakuligusa.

"Ule ukurasa wa siku ya mama sikuumalizia, Kitinda. Sikuusoma hata mstari mmoja. Niliogopa kuja. Nilikaa nao mkononi nikisubiri mpaka iwe imeshapita."

Kitinda alilia hapo, na Bi Nukta pia, kila mmoja kwa namna yake, mdogo kwa sauti na mkubwa kwa pua. Halafu Kitinda akajifuta na kiwiko na kusimama.

"Simama na wewe."

"Kwa nini?"

"Njia nzima nimewaza walikuvisha nini. Mimi ni fundi, na sijui hata vipimo vya dada yangu. Simama."

Akautoa mkanda shingoni, akampima mabega, kifua, kiuno, mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa amemgusa Bi Nukta, na alisimama wima bila kupumua ili kipimo kisiishe haraka. Kitinda alitaja namba kwa sauti ya chini na hakuziandika popote.

"Umekonda," akasema.

Walikunywa chai kwenye vile viti viwili. Hawakuzungumza mambo makubwa. Kitinda alitazama saa ya ukutani mara moja, kisha mara ya pili. Nyumbani masanduku yalikuwa wazi, gauni la mteja liko kwenye cherehani na sindano imo ndani. Bi Nukta alitaka kumwambia abaki, lakini mtu ambaye kwa miaka minane amewaambia watu amebanwa anamwambiaje mwenzake asibanwe? Akamsindikiza mpaka kona ya barabara. Akasimama hapo mpaka gauni lenye nyuzi halikuonekana tena.

Nyumbani aliosha vikombe viwili. Karani alikuwa bado kijivu, na Bi Nukta alimwacha hivyo hivyo. Wale arobaini na moja nao aliwaacha. Aliona hakuna haraka, maana hata wao hawakuwa na haraka.

Jua lilikuwa linazama simu ilipotetemeka.

*Nimefika dada watoto wanakusalimu*

Alikiona kila kilichokosekana. Alikiona kabla hajasoma maneno yenyewe, na pengine ataendelea kukiona mpaka siku atakapopumzishwa kwelikweli. Akaandika polepole, kwa kidole kimoja: *Nimefurahi mdogo wangu nisalimie wote*. Kidole kikaenda chenyewe kwenye nukta, nukta ikaingia. Akaifuta. Akatuma.

Bila nukta mtu hawezi kujua kama mwenzake amemaliza kusema. Bi Nukta akaiweka simu mezani, kioo juu, akavuta kiti karibu, akasubiri.